Namna ya Kununua Mashine ya Kupasua Kuni na Kubaki na Vidole Vyote Kumi

Kabla ya kuuliza bei ya mashine ya kupasua kuni, muulize muuzaji swali moja: kabari inapotembea, mkono wa kushoto wa mtumiaji utakuwa wapi? Akikujibu kwa kutaja tani, nguvu za farasi na rangi ya bodi, mwage kwa heshima uende duka la pili. Akikwambia mkono wa kushoto uko kwenye leva yake na wa kulia uko kwenye leva yake, na kwamba ukiachia mmojawapo kila kitu kinasimama, hapo vuta kiti mzungumze bei.

Mwongozo huu ni wa watu wanaochoma kuni kwa wingi. Shule ya bweni inayopika githeri ya wanafunzi mia saba. Kiwanda cha majani chai cha Kericho au Murang'a ambacho boila lake halilali. Mwenye hoteli ya nyama, mwoka mikate wa tanuri la matofali, mkulima wa Kinangop au Mufindi mwenye safu ya mikaratusi na baridi ya Julai inayoingia mpaka kwenye mifupa. Kwao siku nzima ya shoka ni mshahara wa vibarua watatu na maumivu ya migongo mitatu, kwa hiyo kununua mashine kunaeleweka kabisa. Mwenye mafiga matatu na sufuria moja, shoka linamtosha, na pesa za mashine zina kazi nyingine pale nyumbani.

Shoka nalo lina watu wake wanaostahili kusemwa. Yupo shujaa wa kijiji anayevua shati, akatema mate viganjani, akalizungusha shoka juu ya kichwa mpaka kuku wakakimbia, kisha likatua kwenye fundo na kukwama. Atalivuta, atalitikisa, atalipiga mpini teke, na mpini ukivunjika atasema mti ulikuwa mbaya. Mti haukuwa na kosa lolote. Yeye ndiye aliyepiga fundo. Gogo hupasuliwa kwa kufuata nyuzi zake, kuanzia pale ambapo ufa umeshajionyesha, likiwa juu ya kisiki kipana kisichoyumba, na mpasuaji ametanua miguu ili shoka likikosa lizame kwenye kisiki na si kwenye muundi. Gogo likiwa nene, kabari za chuma na nyundo nzito hufanya kazi nzuri kuliko hasira. Lakini zikague kabari zenyewe. Kichwa cha kabari kikishachanua kwa kupigwa, kingo zake humeguka na kuruka, na jicho halina spea. Kinolewe mpaka kirudi umbo lake, na anayepiga avae miwani. Mzee anayejua haya humaliza kuni za siku kabla ya chai ya saa nne, shati likiwa mwilini.

Jambo jingine la kujiuliza kabla hujatoa pesa: mashine itakapokuwa imerudisha gharama yake, je, bado utakuwa unachoma kuni? Tanzania imekwisha kuamua. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziliagizwa ziache kuni na mkaa kufikia tarehe 31 Januari 2024, na mkakati wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mkuu wa shule wa Iringa anayenunua leo mashine ya tani 25 kwa ajili ya jiko la shule anazitupa fedha za wazazi. Anunue mitungi na majiko ya gesi. Wapishi wamekohoa vya kutosha, na moshi ule haustahili kutetewa kwa jina la mila. Boila la chai, bani la kukaushia tumbaku huko Urambo na jiko la kuotea moto la nyanda za juu vina mambo yake, na wenye navyo waendelee kusoma.

Tuje kwenye mti, maana hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Mkaratusi uliletwa Kenya mwaka 1902 kulisha injini za reli ya Uganda, ukapenda udongo, ukabaki. Unakua haraka, unatoa moto mkali, na nyuzi zake hujisokota, hasa sehemu ya chini ya shina. Ukiupasua mbichi, wiki ileile uliyoukata, huachia kwa mlio mmoja. Ukiuacha magogo mazima yakae juani nusu mwaka, hukaza mpaka kabari inazama ndani na gogo bado halijaachana, injini inalia, na mwenye mashine anaanza kuota mashine kubwa zaidi. Mgrevilea ni mti wenye huruma kwa mpasuaji. Msaipresi una mafundo kila hatua. Muwati mbichi hauna matata. Lakini sheria ni moja kwa wote: kata, pasua, ndipo ukaushe. Tani unazozitafuta dukani mara nyingi ni siku ulizochelewa shambani.

Magogo yakatwe kwa urefu mmoja, sentimita 45 hadi 50, na ncha zote mbili ziwe bapa. Gogo lililokatwa mshazari husimama upande mmoja, na kabari ikiligusa linageuka na kuruka. Mwenye msumeno wa injini aambiwe hivyo asubuhi kabla hajawasha, kwa sababu uvivu wake wa dakika moja msituni atakuja kuulipa mtu mwingine uani. Na uzito pia uhesabiwe. Gogo bichi la mkaratusi lenye upana wa sentimita 45 na urefu wa sentimita 50 linakaribia kilo 80. Hakuna mgongo ulioumbiwa kuinua hilo mara arobaini kwa siku. Ndiyo maana kwa magogo ya namna hii ninapendekeza, bila kusita, mashine inayoweza kusimamishwa wima: gogo unalibingirisha mpaka kwenye bamba lake chini, hulibebi. Mashine ya kulala, ya kimo cha kiuno, iwe ya magogo membamba ambayo mtu mmoja anayashika bila kukunja uso.

Sasa tani. Hapa stika zinasema uongo mchana kweupe, na dawa yake ni futi ya kupimia na kalamu. Nguvu ya mashine ya haidroliki hutokana na vitu viwili tu: presha ya oili na upana wa silinda. Mashine nyingi za kuni hufanya kazi kwenye presha ya bar 200 hivi, yaani karibu kilo 200 kwa kila sentimita ya mraba. Pima kipenyo cha ndani cha silinda. Kama unapima kwa nje, toa unene wa chuma pande zote mbili. Silinda ya sentimita 10 ina nusu kipenyo cha 5. Tano mara tano mara 3.14 ni 78.5. Zidisha kwa 200 upate kilo 15,700, yaani tani 16 kasoro kidogo. Silinda ya sentimita 12.7 inakupa tani 25. Basi ukiona silinda ya sentimita 10 imebandikwa stika ya tani 35, mwambie muuzaji akuonyeshe hesabu yake, na watu waliopo dukani wasikie. Kwa gogo lililonyooka la upana wa sentimita 25, tani saba zinatosha. Kwa mkaratusi mnene wenye mafundo, tani 20 hadi 25. Zaidi ya hapo unanunua sifa za kusimulia, na sifa hazichemshi maharagwe.

Zaidi ya tani, uliza kuhusu pampu. Pampu nzuri ina hatua mbili: kabari inasogea haraka ikiwa haijagusa kitu, kisha inapokutana na gogo pampu inabadili, inapeleka oili kidogo kwa presha kubwa. Unaisikia injini ikibadili sauti. Bila hatua hizo mbili utasubiri kila gogo mpaka uanze kutafuta njia za mkato, na njia za mkato kwenye mashine hii tutazifikia. Mashine ya injini ya petroli yenye nguvu za farasi 6.5 huenda na kurudi kwa sekunde 10 hadi 15, na hiyo ni kasi nzuri. Muda mwingi utaupoteza kwenye kubeba magogo na kupanga kuni, hivyo mwenye kukuuzia sekunde tatu za ziada kwa bei ya ng'ombe mwache na ng'ombe wake.

Mashine ndogo ya umeme, ya wati 1,500 hivi na tani tano hadi saba, inafaa sana kwa nyumba na hoteli ndogo. Haina moshi, haina kelele za injini, haiombi petroli. Masharti yake ni machache na hayana mjadala: soketi iwe na waya wa ethi unaofanya kazi kweli, kebo iwe nene na ikunjuliwe yote kwa sababu kebo iliyobaki kwenye rola hupata joto mpaka ikayeyuka, na mvua ikianza kazi imekwisha.

Zipo mashine za gurudumu zito, zinazotumia mwendo wa gurudumu badala ya oili. Ni za haraka mno. Gogo linapasuka kwa sekunde mbili au tatu. Sizipendi kwa uga wa shule au kiwanda ambako vibarua hubadilika kila wiki, kwa kuwa haraka hiyohiyo inamnyima mtu nafasi ya kugundua kwamba amekosea. Halafu kuna ile skrubu nene yenye umbo la pia, inayofungwa kwenye shafti ya trekta, ikazunguka wazi huku mtu anaisukumia gogo kwa mkono. Ikiuma gogo inalivuta. Gogo lisipokuwa limezuiwa linazunguka na kumchapa aliyelishika. Na ikishika mkono wa shati haiachii, huku swichi ya kuizima iko kwenye kiti cha trekta nyuma yake. Usiinunue, usiiazime, na ukipewa zawadi iuze kwa mwenye vyuma chakavu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mashine ya haidroliki haimrukii mtu. Kabari yake inatembea polepole, inaonekana, na inasimama ukiachia leva. Basi vidole vinakatikaje? Vinakatika kwa sababu kwenye mashine ile kuna watu wawili. Mmoja anaweka gogo, mwingine anavuta leva. Wanaita kusaidiana. Injini inanguruma, yule wa gogo anasema "Ngoja!", yule wa leva anasikia "Haya!" Au hakuna aliyesema kitu: gogo limeinama kidogo, mkono umekwenda wenyewe kulinyoosha, kama mkono wa mtu yeyote ungekwenda, na sekunde hiyohiyo mwenye leva anatazama lori linaloingia getini. Kabari inayokwenda polepole inafika kwenye kidole kwa wakati wake, ikiwa na tani 20 nyuma yake, na haitofautishi mkaratusi na mfupa.

Kwa hiyo sheria ya kwanza, ya pili na ya tatu ni hii: anayeweka gogo ndiye anayebana leva. Mtu mmoja, mashine moja. Mikono yake ikiwa kwenye leva haiwezi kuwa kwenye gogo, na hakuna mikono mingine karibu. Msaidizi ana kazi tele za kufanya: alete magogo, apange kuni ukutani, afagie vipande vinavyokwaza miguu. Anazifanya akiwa mbali, mita sita hivi, na anasogea mashine ikiwa imesimama. Mzee anayejua kazi hujibu vizuri kijana akijipendekeza.

"Mzee, nikushikie gogo kazi iishe upesi?"

"Nisaidie kwa kupanga kule ukutani, mwanangu. Hapa pananitosha."

Ndiyo sababu mashine zilizotengenezwa kwa kufuata kiwango cha Ulaya cha EN 609-1 huwa na leva mbili. Ukiachia moja, kabari inasimama. Waliotunga kiwango hicho waliwajua binadamu. Nasi tumewajibu kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Nimeuona kwenye uga wa taasisi moja: leva ya kushoto imefungwa chini kwa utepe wa tyubu, umezungushwa mara tatu, umeng'aa kwa oili na jasho, kiasi cha kukuonyesha kwamba umekaa pale muda mrefu. Meneja alipita hapo kila siku. Mwenye bohari alipita. Mpishi alipita na sufuria yake. Kila mmoja aliuona na hakuna aliyetoa kisu. Utepe huo unamrudishia kibarua mkono mmoja ili afanye kazi haraka, na mkono huo ndio unaokwenda kwenye gogo. Ukiukuta, ukate palepale, kisha uulize nani anawaharakisha hawa watu. Mara nyingi utagundua wanalipwa kwa idadi ya mafungu, na hapo ndipo pa kurekebisha. Walipe kwa siku.

Wewe mwenye kuajiri, usijifiche nyuma ya neno kibarua. Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini na Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini, zote za mwaka 2007, na ya pili inakutaka uwe na bima kwa ajili ya wafanyakazi wako. Ilipie kabla ya kununua mashine. Kisha chagua watu wawili, wafunze kwa siku nzima, andika majina yao ukutani, na ufunguo ukae kwao. Mwingine yeyote asiiguse. Hilo linamhusu pia mwenyekiti wa bodi anayekuja kukagua mradi akiwa na tai na kutaka kupigwa picha akipasua gogo la kwanza. Tai yenyewe ni sababu tosha ya kumkatalia.

Maana mavazi nayo ni sehemu ya mashine. Tai, skafu, leso inayoning'inia, mikono mipana ya shati na kamba za koti vibaki bohari. Pete ivuliwe, pete ikinaswa huchuna kidole ngozi yote. Glavu ziwe za ngozi na zibane mkono, kwa kuwa glavu kubwa hunaswa mapema kuliko kidole. Miwani ya kazi haina mbadala. Kandambili na akala hazisogei hapo, na gambuti hukinga matope tu. Gogo la kilo 80 likidondoka linataka buti lenye chuma mbele. Ukipiga kelele ili usikike karibu na injini, ziba masikio.

Mashine isimame nje, mahali tambarare, magurudumu yamezuiwa kwa mawe pande zote. Narudia nje, kwa sababu mvua ya Aprili ikianza kunyesha kuna mtu atasema isogezwe chini ya paa la bohari, mlango urudishwe nusu. Injini ya petroli hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo hujaa chumba kabla mtu hajaelewa kwa nini kichwa kinamuuma na miguu imelegea. Wengine hukaa chini wapumzike kidogo na hawaamki. Mvua ikinyesha, zima, funika, nendeni mkanywe chai. Petroli nayo huongezwa injini ikiwa imepoa, na mwenye sigara awe mbali.

Gogo lishikwe ubavuni unapoliweka, usilishike nchani, kwani ncha ndiyo inayobanwa kati ya kabari na bamba. Liweke nyuzi zikielekea kabari inakokwenda. Kulipasua kwa kukata nyuzi kunalifanya lilimbikize nguvu, kisha lilipuke vipande. Ukiona ufa umefunguka huku kabari bado imo ndani, usiingize kidole kuumalizia. Kabari ikirudi nyuma, ule ufa unajifunga. Fundi mzoefu huvuta kipande kwa ndoano au kwa kukishika kwa nje, akiwa ameshazima. Gogo likikwama kwenye kabari, irudishe nyuma. Mashine nzuri ina vyuma viwili pembeni vinavyolibandua gogo kabari inaporudi, na hicho ni kitu cha kukitazama dukani kabla hujalipa. Lisipotoka, zima injini, sukuma leva huku na huku ili presha itoke, ndipo utumie kabari na nyundo. Fundo lililoshindikana mara mbili liweke kando. Litachomwa zima siku ya baridi kali.

Mpira wa oili ndio unaodharauliwa kuliko vitu vyote, na ndio unaonitia hofu zaidi. Ukichakaa hupata tundu dogo lisiloonekana, na oili hutoka hapo kwa presha ya bar 200, uzi mwembamba kuliko unywele. Mtu anaona unyevunyevu, anapitisha kidole kutafuta tundu liko wapi. Uzi ule unapenya ngozi kama sindano ya daktari na kuisukuma oili ndani ya mkono, kwenye kano na mishipa. Nje panabaki alama ndogo tu. Pengine hapaumi. Jioni mkono umevimba, kesho yake umebadilika rangi, na daktari analazimika kuchagua kati ya kuokoa kiganja na kuokoa mtu. Tundu hutafutwa kwa kipande cha kadibodi kilichoshikwa kwa mbali, au bora zaidi, mashine inazimwa, presha inatolewa na mpira unabadilishwa bila utafiti wowote. Aliyepigwa na oili apelekwe hospitali saa hiyohiyo hata kama anacheka na kusema ni mchubuko. Na huko aseme maneno haya wazi: oili ya haidroliki imeingia kwa presha. Asiposema hivyo, anaweza kupewa plasta na panadol, arudishwe nyumbani, huku anachohitaji ni upasuaji wa kusafisha mkono mapema iwezekanavyo.

Na ikitokea lile tusilolitaka, kidole kikakatika, walio karibu wajue la kufanya, kwa sababu mwenyewe hatajua. Zima mashine. Bana jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, mkono uinuliwe juu ya kifua. Kidole kitafutwe, kifungwe kwa kitambaa safi chenye unyevu kidogo, kiwekwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, na mfuko huo ndio uwekwe kwenye maji yenye barafu. Kisigusane na barafu yenyewe, wala kisilowekwe majini, na hadithi za maziwa ziachwe kwa wasimuliaji. Kisafiri na mwenyewe, gari moja. Jina la hospitali yenye daktari wa upasuaji, njia ya kufika huko usiku, na namba ya simu ya dereva viandikwe ukutani pale bohari, chini ya yale majina mawili ya wenye ufunguo.

Kuni zimepasuka sasa. Bado hazijawa kuni. Mti mbichi unaweza kuwa nusu maji kwa uzito, na kila kilo ya maji hayo inakula moto wako ili igeuke mvuke kabla sufuria haijapata chochote. Ndiyo maana jiko la kuni mbichi linatoa moshi mwingi na joto kidogo, na ndiyo maana wapishi wanatokwa machozi. Gome huzuia maji yasitoke. Upande uliopasuliwa huyaachia. Hapo ndipo mashine inapolipa gharama yake, kuliko hata kwenye mishahara iliyookolewa. Panga kuni juu ya vipande vya mbao au mawe zisiguse udongo, chini ya bati, pande zikiwa wazi upepo upite, safu zikiachana kiasi cha mkono kupita. Turubai la kufunika mpaka chini linazigeuza kuni kitalu cha uyoga.

Zikauke mpaka maji yashuke chini ya asilimia 20. Kipo kifaa kidogo chenye misumari miwili cha kupimia. Kinachomwa kwenye uso wa ndani wa kuni iliyopasuliwa upya, kwa kuwa nje hukauka mapema na kukudanganya. Kama huna, bohari yoyote ya shule ina mizani ya kupimia mahindi. Chagua vipande kumi, vitie alama ya rangi, vifunge pamoja, vipime kila Jumatatu na uandike uzito kwenye daftari. Wiki za mwanzo utaona kilo zinavyokimbia, kisha zitaanza kusuasua. Mpishi akija kuomba kuni kabla namba hazijatulia, mwonyeshe daftari na umpe za mwaka jana.